Siku tatu kuifuata reli ya Tanga: kutoka Arusha mpaka stesheni ya Kahe

Alhamisi, Arusha kwenda Moshi

Nimeishi Arusha miaka kumi na moja na stesheni ya treni nilikuwa naipita tu pembeni nikienda Unga Limited, sijawahi kuingia hata mara moja, mpaka juzi rafiki yangu wa Moshi aliponiambia kwenye simu kwamba kama kweli nataka anipeleke Kahe basi nianzie hapohapo Arusha, kwenye mwisho wa reli, ndo nije kwake. Huyu rafiki tunamwita Fundi. Anachomelea mageti na madirisha pale Majengo, ila marehemu baba yake alikuwa mtu wa gangi, wale wa kukaza reli na kupanga kokoto, na Fundi kazaliwa kwenye nyumba za reli Kahe. Sijawahi kukutana na mtu anayeijua reli ya Tanga kama yeye, anaiongelea kama mtu anayekutajia ukoo wake, huyu kamzaa yule na yule kamwoa huyu.

Basi asubuhi nikaenda, nikasalimia getini, nikajieleza, mlinzi akaniruhusu nisimame kidogo ndani ila picha akasema hapana mpaka niongee na mkubwa wake, sawa, sikupiga. Hakukuwa na treni siku hiyo. Mabehewa machache ya mizigo yamesimama njia ya pembeni, mtu mmoja anafagia, kunguru. Reli inaingia kutoka mashariki, inagawanyika njia kadhaa, halafu inaisha. Nimesimama pale mwisho nikashangaa kidogo maana ni kitu cha ajabu kuona reli inaisha, wewe umezoea inapita tu. Ilifika hapa 1929, kilomita 86 kutoka Moshi, na toka mwaka huo haijasogea mbele, japo habari za kuipeleka Musoma tumezisikia toka tukiwa watoto. Treni ya abiria ilikufa miaka ya 90, nyasi zikapanda, kuna watoto wamezaliwa hapo jirani wakamaliza shule bila kuona treni, mpaka Oktoba 2020 ndo ikaingia tena kutoka Dar. Mama mmoja wa maandazi nje ya geti aliniambia siku ile watu walijaa kama sikukuu, na yeye alimaliza ndoo mbili kabla ya saa nne.

Nikapanda Coaster. Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, njia yote naangalia upande wa kulia nitaiona wapi reli, na sehemu kubwa huioni. Nilikuja kumuuliza Fundi jioni akanijibu kirahisi tu, treni haipendi mlima. Barabara yetu inapita juu kwenye mabonde kama ya Kikafu na Weruweru, gari linashuka linapanda, lakini treni yenye mabehewa ishirini huwezi kuiambia ishuke bonde kama lile halafu ipande, kwa hiyo waliojenga waliteremka nayo chini kusini, huko Rundugai, wakatafuta tambarare.

Jioni tumekaa nyumbani kwa Fundi, shemeji ametupikia mtori, na hapo ndo nikapewa historia yote. Wajerumani walianza kuchimba njia ya reli Tanga 1893, na mwaka huohuo ndo Richard Hindorf alileta mkonge nchini, kwa hiyo reli na katani ni mapacha. Ilianza na kampuni binafsi, ikachukua miaka mitatu kufika Muheza tu, kilomita kama 40, ikaishiwa hela, 1899 serikali ya Kijerumani ikaichukua. Korogwe 1902. Mombo 1905. Halafu ikaambaa na milima ya Upare mpaka ikaingia Moshi 1911, jumla kilomita 352. Miaka kumi na nane hiyo. Na Moshi yenyewe hii tunayoijua, huu mji wa chini, umekaa hapa ulipo kwa sababu ya stesheni, maana boma la Wajerumani la mwanzo lilikuwa juu kule Old Moshi, reli haiwezi kupanda kule, basi mji ndo ukashuka kuifuata. Mimi nimepita Moshi mara ngapi sijui na hili sikuwahi kulifikiria.

Ijumaa, Kahe

Tumetoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, boda mbili, kila mtu na yake, tukashika barabara ya TPC, kiwanda cha sukari. Miwa. Mashamba yalianzishwa 1930 na kampuni ya Wadenishi ya A.P. Møller na mpaka leo ukipita asubuhi unasikia harufu ya kiwanda, tamu halafu nzito. Tukakata kuingia Mabogini, hapo unatoka kwenye miwa unaingia kwenye mpunga, mifereji kila upande, watu washaingia majarubani na viatu vyao wamevitundika shingoni. Boda yangu ikapata pancha karibu na Chekereni, tukapoteza kama saa nzima chini ya mti, dereva kijana mwenye adabu sana akawa anaomba msamaha kila dakika tano, wala hakuwa na kosa.

Kahe ni chini, karibu mita 700 tu kutoka usawa wa bahari wakati Arusha ni 1,400, kwa hiyo mtu wa Arusha ukifika unavua sweta kwanza. Ila ukigeuka nyuma unapata zawadi, mlima wote uko wazi, Kibo na Mawenzi, hakuna nyumba wala mti wa kukuzuia. Mjini Moshi mlima unauona juu ya mapaa. Hapa unauona kuanzia miguuni.

Fundi hakuniruhusu niende stesheni moja kwa moja. Kwanza tukamsalimia shangazi yake, tukaacha mizigo maana tungelala hapo, halafu tukaenda kumtafuta mtu wa reli aliyekuwa zamu tumwombe ruhusa. Hili naomba nilisisitize kwa yeyote anayetaka kwenda. Ile njia haijafa. Inapita treni chache, zinaweza kupita siku mbili usisikie kitu ukadhani ni magofu, halafu kichwa kinatokea na mzigo nyuma na hakiwezi kusimama ghafla. Yule mzee wa zamu tukampa shikamoo, Fundi akajitaja ni mtoto wa nani, mzee akamwangalia muda mrefu kisha akasema "Basi wewe utamtunza mwenzio," na ruhusa ikawa hiyo.

Stesheni yenyewe ni ndogo. Jengo la chini, bati, kibaraza cha kukaa abiria, jina KAHE limeandikwa kwenye kibao ili dereva alisome kutoka mbali. Miti mikubwa ya kivuli. Ukija bila mtu wa kukuonyesha utakaa dakika kumi utaondoka, na ndo maana nimeamua kuyaandika haya, kwa sababu tulikaa pale masaa sita na bado nilikuwa na maswali.

Kitu cha kwanza Fundi alichofanya ni kutoa futi ya chuma mfukoni. Akapima ndani ya reli mpaka ndani ya reli, mita moja. Akaniambia shika hilo, mita moja, mengine yote ya hapa yanatokana na hilo. Reli ya TAZARA ni milimita 1,067, SGR ni 1,435, treni ya huku haiwezi kuingia kule hata ungeomba. Lakini reli ya Waingereza kutoka Mombasa kwenda Uganda nayo ilikuwa mita moja. Vita ya kwanza ilipoanza, Waingereza walikuwa upande wa pili wa mlima, wakataka kuingia Moshi, na kati yao na Moshi kuna nyika kavu ya Maktau haina maji, huwezi kulisha jeshi kwa mikokoteni kule. Basi 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi, wanapigana huku wanatandika, wakafika Taveta, na mwezi wa tatu 1916 vita ikawa hapahapa tuliposimama. Tarehe 21 walipigana Kahe, Wajerumani wakaona wanazungukwa, usiku wakaondoka wakavuka mto Ruvu, daraja la reli wakalilipua nyuma yao. Halafu reli ya Voi ikaja kuungana na ya Tanga hapa. Haikuhitaji kubadilisha kitu, mita moja kwa mita moja, ikaingia kama ufunguo.

Nikamuuliza Ruvu si iko Pwani? Akacheka akasema wewe ni mtu wa tano kuniuliza. Ziko mbili. Ya hapa inatoka ziwa Jipe inaenda kukutana na Kikuletwa pale bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakuwa Pangani. Ile ya Pwani inatoka Uluguru, mto mwingine kabisa. Na kinachochanganya zaidi ni kwamba reli hii hii imeunganishwa na reli ya kati kule kwenye Ruvu ya Pwani, kwa kipande cha kutoka Mnyusi, kilomita 188, kilichokamilika 1963. Kabla ya hapo reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa nchi moja lakini hazigusani. Mtu wa Moshi alikuwa anaweza kupanda treni akafika Nairobi, kwa kupitia Kahe na Voi, lakini Dar es Salaam hawezi. Hebu fikiria hilo. Miaka miwili baada ya uhuru ndo Moshi imeunganishwa na Dar kwa reli.

Tukatembea kwenda upande wa mashariki kuitafuta njia ya Voi. Hapa bila Fundi nisingeona kitu. Unachokiona ni kama mgongo wa ardhi, tuta lililoinuka kidogo limejaa miiba na mbuzi, linajikunja kuiacha njia ya Tanga taratibu, hakuna kona kali kwa sababu treni haikati kona. Akasema angalia namna linavyopinda, barabara ya gari haipindi hivyo, mfereji haupindi hivyo, kokote nchini ukiona mgongo unapinda kwa upole namna hii ujue hapo palikuwa na reli. Tukaufuata kama nusu saa. Kwa hapa pakavu pa mbuzi na miiba, kuna miaka ambapo gunia la kahawa ya Mchaga likifika lilikuwa na bandari mbili mbele yake, ukienda kulia Tanga, ukienda kushoto Mombasa. Kahawa ya wale wakulima walioanzisha ushirika wao wa KNCU 1933, iliyosomesha nusu ya wazee wetu. Kahe ndo palikuwa njia panda yake.

Na ilikufaje? Fundi akakaa kwenye jiwe kabla ya kujibu. Toka 1948 reli zote za Afrika Mashariki zilikuwa shirika moja, Kenya, Uganda na sisi, kwa hiyo kwa baba yake behewa lilikuwa behewa tu, haijalishi limetoka wapi. 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, ukafunguliwa 1983. Yeye alikuwa mdogo sana lakini baba yake alikuwa anasimulia kwamba kilichowauma watu wa gangi sio siasa, ni kwamba njia uliyoikaza kwa mikono yako unaambiwa usiendelee nayo, unaiona majani yanaota na huruhusiwi kuyang'oa. Alisema baba yake kwa muda mrefu alikuwa akipita pale anainama anang'oa mawili matatu ya karibu. Sikuuliza kitu tena mpaka tumerudi stesheni.

Mchana shangazi akatuletea wali wa mpunga wa hukohuko na perege wa Nyumba ya Mungu, pilipili ya kwake, tukala kwenye kivuli pamoja na yule mzee wa zamu. Mzee ndo akanielewesha stesheni kama hii kazi yake ni nini hata kama hakuna abiria. Njia ni moja, treni mbili haziwezi kupishana popote tu, lazima moja iingie njia ya pembeni isubiri mwenzake apite, na njia za pembeni ziko kwenye stesheni. Dereva haondoki mpaka wa hapa awe ameongea na wa stesheni ya mbele wakakubaliana kwamba njia iko wazi, na anapewa kibali. Kwa hiyo mimi nilikuwa naona kijumba kilicholala, kumbe ni mlango. Zamani za injini za mvuke stesheni zilikuwa na kazi zaidi maana ile mashine inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Hapo Fundi naye akaingilia, hawezi kuacha, akaanza habari za yale majitu ya Waingereza, zile injini 34 za mvuke za aina ya Class 59 zilizokuwa zinavuta kati ya Mombasa na Nairobi, kila moja imepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mbili zimehifadhiwa makumbusho ya reli Nairobi, moja inaitwa Mount Gelai na nyingine Mount Shengena. Shengena! Ule wa Upare, unaouona ukisafiri na reli hii hii kwenda Same. Fundi alisafiri mpaka Nairobi kwenda kuigusa tu. Alilala gesti usiku mmoja akarudi.

Jioni akanifundisha mataruma. Reli inalala juu ya mataruma, na sehemu hizi kuna mengi ya chuma, yamekunjwa kama mtumbwi uliogeuzwa, ndani yanashika kokoto yasiteleze. Kwa nini chuma na sio mbao? Mchwa. Ulaya taruma la mbao linakaa miaka, hapa Kahe mchwa wanalimaliza. Na kila reli ubavuni ina maandishi yaliyoinuka, kiwanda na mwaka, Fundi anayapapasa kwa vidole macho amefumba, mengine kutu imekula anapita anaenda ya mbele.

Halafu akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanirudia. Chuma cha reli ni kizuri kuliko chochote utakachokipata dukani, kipande cha futi mbili tu ni fuawe la maisha, kila fundi Moshi anakitamani. Watu wamekuja karakana kwake usiku wamefunika kwenye gunia. Yeye anakijua kwa mlio, anagonga mara moja na nyundo. Anawarudisha. Wateja wengine amewapoteza hivyo, na kuna mmoja ni ndugu yake kabisa hawasalimiani vizuri mpaka sasa. Nikamwambia kaka lakini vile vipande si vilishatupwa, vya njia iliyokufa? Akasema mdogo wangu, 2019 treni iliporudi Moshi ilipita juu ya njia ambayo watu wote walisema imekufa. Ndo jibu alilonipa, akaendelea kupapasa.

Jumamosi, Kahe asubuhi

Mbu, usiku mzima, asanteni. Tuliamka kabla ya jua kwa sababu mzee wa zamu alishatuambia treni ya abiria iliyotoka Dar jana yake inategemewa asubuhi. Tukakaa kibarazani na chai ya shangazi kwenye chupa. Kibo ikaanza kuwa nyekundu juu kabisa, halafu rangi ikawa inashuka taratibu kama mtu anateremsha kanga.

Kwanza kikapita kiberenge, watu wa njia wanne wamekaa na vifaa vyao wanakagua, mmoja akanyoosha mkono. Kimya tena. Mzee akatoka nje akasimama na bendera yake, hakusema kitu, na Fundi akaacha kuongea katikati ya sentensi. Mimi nilikuwa sijasikia kitu bado. Wao walishasikia. Halafu na mimi nikaisikia, na kichwa kikatokea upande wa Upare kikiwa na taa imewaka mchana, taratibu, kinakua, mabehewa nyuma yamejaa vichwa madirishani, watoto wanapunga, mtu kajitanda shuka la kimasai amelala mdomo wazi kwenye kioo. Nimezoea kuona treni kwenye simu. Ardhi ilikuwa inatetemeka mpaka kwenye chupa ya chai.

Ikasimama kidogo tu. Akashuka mama mmoja, peke yake, na kiroba kizito na begi, Fundi akakimbia kumpokea kiroba kabla mimi sijanyanyuka. Machungwa. Mama akatushukuru, akasema anatuachia manne, ya Muheza hayo, matamu. Treni ikaondoka kwenda Moshi. Fundi bado kiroba kiko begani akamuuliza kwa heshima kabisa, mama, Muheza umepitia wapi, maana treni hii inaingia njia ya Tanga pale Mnyusi, Muheza inabaki nyuma huko upande wa Tanga. Mama akamwangalia. "Mwanangu, nimenunua dirishani Korogwe." Fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamsindikiza na kiroba mpaka kwake, karibu kilomita nzima, na mimi nyuma na begi. Machungwa tuliyala njiani kurudi, yalikuwa matamu kweli.